Mama Asiyeonekana Kitabuni

Nilipopelekwa kufundisha Mkunya, kijiji cha Newala, nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, na sikuwa nimewahi kuishi mahali pasipo na maji ya karibu. Kwetu Masasi, kwenye nyumba za misheni, kisima kilikuwa nyuma ya jiko. Huko juu Newala wanawake waliteremka bondeni alfajiri na mitungi yao, wakarudi jua limeshapanda. Wiki ya kwanza nilifua nguo kwa maji mengi kama nilivyozoea, na mwenye nyumba wangu akaniomba kwa upole nisifanye hivyo tena.

Nilipewa darasa la kwanza. Watoto walikuja na Kimakonde chao. Kiswahili walichokijua kilikuwa cha salamu na cha dukani, na Kimakonde changu mimi kilitosha kuombea chumvi tu. Siku nyingi nilisema peke yangu, wao wakanitazama.

Muuguzi mmoja Mwingereza, alipokuwa akirudi kwao, alikuwa ameniachia kitabu cha picha cha watoto. Chini ya kila picha palikuwa na maneno machache ya Kiingereza. Nikaona hakuna haja ya kuyafasiri. Niliyafunika kwa karatasi, nikawakusanya watoto sakafuni, nikawaambia wao ndio watakaonisimulia. Nilichotaka ni wafungue midomo tu.

Kitabu kilihusu mtoto na mbwa wake. Mbwa ameingia matopeni, mtoto anajaza maji beseni kubwa la bati, anamwogesha, povu linaruka, maji yanafurika chumba kizima. Mwishoni mbwa amelala, msafi, na mtoto anacheka. Aliyekichora alikusudia kuchekesha. Darasa langu halikucheka.

Picha ya matope waliisema vizuri. Tulipofika kwenye beseni wakaacha kusimulia, wakaanza kuuliza. Mmoja, wa nyumba ya Kiislamu, aliuliza kama hilo ndilo beseni wanaloogea watu. Nikamjibu kwamba sijui. Kisha msichana mmoja mwembamba, ambaye mara nyingi alichelewa shule kwa sababu ya kumlea mdogo wake asubuhi, akauliza, "Mwalimu, mama yake yuko wapi?"

Nikamwambia mama hayumo kitabuni.

"Amekwenda maji," akasema.

Wenzake wote wakakubali, kana kwamba nami ningepaswa kulijua hilo. Kuanzia hapo hadithi ikawa yao. Tulirudi ukurasa wa kwanza, na kwa kila picha wakanieleza mama amefika wapi. Mbwa anapoingia matopeni, mama yuko kwenye mteremko. Mtoto anapojaza beseni, mama anasubiri zamu yake kwenye chemchemi. Povu linaporuka, mama anapanda na mtungi kichwani, anasimama kuvuta pumzi. Aliyekosa neno la Kiswahili alitia la Kimakonde, na sikumkatiza. Ukurasa wa mwisho, mama akafika mlangoni. Wakaanza kubishana. Wengine walisema atamchapa mtoto, wengine atamfukuza mbwa, wengine atageuka na kuteremka tena kuchota mengine. Kengele ikagongwa kabla hatujakubaliana.

Haikupita wiki, mwanamke mmoja akasimama mlangoni mwa darasa, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mama wa yule msichana. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hakutaka kuketi.

"Mwanangu anasema nimo kwenye kitabu chako," alisema. "Nimekuja kujiona."

Niliogopa atadhani tunamcheka shuleni. Nikampa kitabu. Alifuta mikono kwa kanga kwanza, akafungua kurasa moja moja mpaka mwisho, halafu akaanza upya.

"Sijajiona," alisema.

Nikamwita binti yake, nikamwomba amsimulie mama kama alivyotusimulia sisi. Alisimulia kwa Kimakonde, kitabu kikiwa mikononi mwa mama yake, akionyesha kwa kidole pembeni ya picha, mahali ambapo hapakuchorwa kitu. Niliyaelewa machache tu, ila niliona mama hatazami tena picha, anamtazama mwanawe. Walipofika mlangoni msichana akasita, akasema hapo hawajamaliza. Mtoto mmoja nyuma akamwuliza yule mama, yeye angefanya nini. Nilitaka kumkanya kwa kumhoji mtu mzima hivyo.

Mama akamweka sawa mtoto mgongoni. Alijibu kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu.

"Kwanza ningekaa," alisema. "Nikae, nipumzike. Halafu ndiyo nione la kufanya."

Katika ubishi wote ule hakuna aliyewaza hivyo, hata mimi. Akanirudishia kitabu, akaaga, akaenda zake. Binti yake aliomba chaki, akachora ubaoni mwanamke aliyekaa, miguu ameinyoosha, mtungi pembeni. Miguu ilitoka mirefu mno, lakini wenzake walisema ni yeye hasa. Niliinakili picha ile kwenye karatasi na kuibandika mwisho wa kitabu kwa uji wa muhogo. Mwalimu mkuu alipoiona aliniuliza nani kaharibu kitabu. Nilipomweleza, aliiangalia kitambo, akasema nibandike vizuri, kona moja imeinuka.

Baada ya hapo walizungumza. Tulichora vitabu vingine kwenye karatasi za kufungia sukari, na yule msichana aliendelea kuchelewa kama kawaida, ila sasa alipofika aliuliza tumefika wapi.

Baadaye nilihamishiwa Masasi, nikaenda na kitabu. Watoto wa huko walicheka tangu kwenye beseni. Walipofika ukurasa wa mwisho wakaniuliza mbona huyu mama amekaa tu na nyumba imelowa. Nikawaambia ametoka mbali. Wakauliza ametoka wapi. Ikanibidi niweke kitabu chini na kuwachorea ubaoni mteremko wote, kutoka juu hadi bondeni.