Kampuni Iliyosajiliwa kwa Woga

Kila mteja wa shangazi yangu alikuja na kitambaa. Ndiyo ilikuwa desturi ya kile chumba, ingawa hakuna aliyewahi kuitangaza. Mtu alifika na mfuko wenye mita mbili za pamba, akabisha hodi, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akakaa humo saa nzima. Jirani aliyemwona alisema, huyo naye mishono yake haiishi. Hakujua kwamba nyuma ya pazia mtu alikuwa akieleza kwa nini hajalala wiki mbili, au kwa nini mikono humtetemeka kila akishika kitasa cha mlango wa ofisi yake.

Shangazi amekuwa fundi wa nguo kwa miaka ishirini na miwili. Watu husema mengi wakipimwa kiuno. Alianza kwa kusikiliza tu, pini zikiwa mdomoni, kisha akaenda kusoma kozi ya ushauri wa afya ya akili, miaka miwili ya masomo ya jioni, mimi nikimchapia kazi zake. Si daktari, na hilo yeye mwenyewe alimwambia kila mteja siku ya kwanza. Aliyezidiwa, shangazi alimwandikia barua ya kwenda hospitali. Wengine aliwafundisha kupumua, kupanga siku, kusema hapana. Vitambaa vingi vilirudi nyumbani bila kukatwa.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, akaja mwanamume asiye na kitambaa.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi. Karibu."

"Mke wangu kaja hapa na vitambaa vinne. Sijaona hata gauni moja. Nilichoona ni kabati tupu. Kahama."

Yule mtu hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutisha. Aliangalia kuta, akaangalia dari, kama mtu anayetaka kununua.

"Hii nyumba ni ya nani?"

Akagonga ukuta kwa vidole.

"Haya. Tutaulizia mahakamani," akasema, akaondoka.

Nyumba ilikuwa ya shangazi. Bibi yangu, yaani mama yake, alimwandikishia miaka mitatu iliyopita, miguu yake ilipoanza kugoma. Bibi mwenyewe yuko chumba cha mbele, kitandani, anasikia kila kitu. Tangu siku ile gari likipunguza mwendo nje, shangazi alisimamisha cherehani na kusubiri. Alikata mkono wa blauzi ya watu mara mbili. Chakula kilimshinda.

Nilimpeleka kwa wakili, mzee mpole mwenye ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Huyo hana kesi," alisema wakili. "Mkewe ni mtu mzima, kaondoka kwa miguu yake. Ila mama, iko siku atakuja mwenye kesi. Kwa hali ilivyo sasa, atakushtaki wewe. Akishinda, anashika kilicho chako."

"Nyumba."

"Nyumba. Kwa hiyo sajili kampuni ya dhima yenye ukomo. Kampuni mbele ya sheria ni mtu mwingine kabisa. Mteja anafunga mkataba naye, si na wewe, na ikidaiwa inadaiwa katika mali yake. Lakini usidhani ni chandarua cha kila mbu. Ukimdhuru mtu kwa uzembe wako mwenyewe, utajibu mwenyewe."

Tulipomweleza bibi, alifikiri kidogo. "Kampuni ni mtu?"

"Ndivyo sheria inavyosema, mama."

"Na akija hapa atalala wapi? Vyumba vyenyewe viwili." Shangazi alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Fomu niliijaza mimi. Nafasi moja tu niliiacha wazi, ile ya shughuli za kampuni, kwa sababu shangazi alitaka kuzitaja mwenyewe kwa maneno yake. Aliyarudiarudia maneno hayo jikoni, akipika. Lakini dirisha la karani wa usajili lilikuwa na kioo kinene chenye tundu dogo, na mtu alilazimika kusema kwa nguvu.

"Kampuni inafanya nini, mama? Paza sauti, hiki kioo hakisikii."

Shangazi aligeuka. Nyuma yetu kwenye foleni, mtu wa pili, alisimama mama mwenye duka la mtaani kwetu, ambaye habari zikimfikia hazilali. Nikaona kijasho chembamba juu ya mdomo wa shangazi.

"Kushona nguo," akasema.

Karani akaandika. Nilikuwa nimesimama ubavuni pake, najua vizuri kilichopaswa kusemwa. Mdomo nilikuwa nao. Sikuutumia.

"Nimewafikiria wale wanaokuja," aliniambia tulipotoka nje. "Ningesema pale, kesho mtaa mzima ungekaa kuwahesabu mlangoni."

Cheti kilitoka baada ya siku tisa. Shangazi alikitia kwenye mfuko wa plastiki, akamwonyesha bibi, akarudi kula. Gari likipunguza mwendo hakusimamisha tena cherehani. Furaha hiyo ilidumu siku tatu, mpaka tulipopeleka karatasi kwa wakili ili atuandikie mkataba wa wateja. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.

"Mama, hii kampuni inashona."

"Inashona, ndiyo."

"Na nyuma ya pazia unafanya kazi ambayo kampuni yako haijui kama ipo. Mtu akikushtaki, wakili wa upande wa pili atasema hiyo ilikuwa kazi yako binafsi, kwa jina lako. Umeshika mwavuli juu ya cherehani, wewe mwenyewe unanyeshewa."

Shangazi alikivuta cheti, akakisoma upya. Kwa hiyo siku zote tatu alizokula na kucheka, nyumba ilikuwa wazi vilevile.

"Nenda ukarekebishe," akasema wakili kwa upole. "Na ukimaliza, sheria inataka kibao mlangoni. Jina la kampuni, lisomeke kutoka barabarani."

Siku ya kurudi alienda msalani mara tatu kabla hatujaondoka. Karani alikuwa yuleyule, kioo kilekile. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza.

"Unabadilisha nini?"

Shangazi alisema kitu.

"Sikusikii, mama."

Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Kushauri watu. Afya ya akili." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Nyuma yetu mzee mmoja aliyekuwa anakohoa akaacha kukohoa.

"Na kushona, nifute?"

"Hapana. Kuache. Nashona pia."

Kibao kilikuwa kidogo, cheupe, herufi nyeusi: jina la kampuni, kazi zake mbili, kushona na ushauri wa afya ya akili, na chini yake jina la shangazi, mkurugenzi. Alikiegemeza ukutani siku mbili. Bibi ndiye aliyeita kutoka kitandani, "Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Tundika hicho kidude tupumzike."

Jumatatu hakuja mtu. Jumanne alikuja mama mmoja na kitambaa, tukashusha pumzi, kumbe anataka gauni kweli. Jumatano saa tisa ni zamu ya mwalimu, dada mmoja anayefundisha darasa la tano. Tulimwona dirishani akija upande wa pili wa barabara na mfuko wake wa kijani. Alikisoma kibao. Akapita.

Shangazi akakaa kitako kwenye kiti cha cherehani. "Nimewafukuza kwa mkono wangu," akasema. "Nyumba nimeipata, watu nimewatupa."

Mlango wa jikoni ukagongwa.

"Nimezungukia nyuma, mama," mwalimu alisema. Viatu vyake vilijaa tope la uchochoroni. "Sijui kama inaruhusiwa."

"Ingia, mwanangu."

Niliwawekea mkataba mezani. Mwalimu aliusoma wote, kama wanavyosoma walimu, kisha kalamu ikasimama hewani. "Lazima niandike jina langu?"

"Lazima. Lakini karatasi haitoki kwenye kabati lile."

"Na ufunguo?"

Shangazi alivuta uzi shingoni, akamwonyesha.

"Wewe huogopi, mama? Jina lako liko pale nje, hata wanafunzi wangu wanaweza kulisoma."

"Naogopa. Gari likipunguza mwendo hapo nje nasahau nilichokuwa nasema. Hata leo utaniona."

Na kweli moja likapunguza mwendo. Wote watatu tuligeukia dirisha. Injini ilinguruma pale pale mbele ya kibao, muda mrefu, au mimi niliuona mrefu, kisha ikaendelea na njia yake. Shangazi alikuwa bado ameushika ufunguo.

Mwalimu akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko wa ubaoni. Nikasaini kama shahidi. Shangazi aliokota utepe wa kupimia kwa mazoea, akautazama, akaurudisha mezani.

"Kitambaa kiache hapo," akamwambia. "Twende tukae."

Nikatoka, nikawafungia mlango.