Sindano ya Pajani

Tulikuwa tunakutana mara tatu kwa wiki kwenye uwanja wa mpira nyuma ya kituo kimoja cha afya, Tabata, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi ni muuguzi, na mwaka ule niliajiriwa kwenye utafiti wa mazoezi na kisukari. Mwenzangu mmoja wa maabara na mimi tuliwapima watu sukari, tukatembea nao nusu saa, tukawapima tena, tukaandika tofauti. Watafiti walitaka kujua kama wanaotembea pamoja kwa mpangilio sukari yao itatulia kuliko ya wale waliopewa ushauri tu na kurudi nyumbani.

Napenda kueleza mambo. Siku ya kwanza niliwaambia msuli ni kama jiko la kuni: ukiuwasha unatafuta cha kuchoma, na kuni zake ni sukari iliyo kwenye damu. Ndiyo maana ukitembea kipimo kinashuka. Ila jiko hilo halizimiki mara ukikaa. Linaendelea kuchoma taratibu kwa saa nyingi. Kwa anayejidunga insulini, hapo ndipo penye hatari. Sukari ikishuka kupita kiasi, ubongo unakosa chakula. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anachanganyikiwa, anazimika. Asiposaidiwa anaweza kufa. Nililisema hilo bila kulizungusha, nikawasihi wawe wamekula kabla ya kuja, na kila mmoja awe na glukosi mfukoni.

Makofi niliyaanzisha mimi, hakuna aliyenituma. Wiki ya pili watu walikuwa wamepoa, wengine wameanza kutoa udhuru. Nikaanza kusoma matokeo kwa sauti, na aliyeshusha zaidi anapigiwa makofi ya kilo. Watu wazima wenye wajukuu wakawa wanakimbilia foleni ya kipimo.

Aliyeyapenda kuliko wote alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu aliyehamia Dar kutoka bara zamani sana. Sote tulimwita Mwalimu. Mshindani wake alikuwa mzee mwenye duka la vitambaa, wa ukoo wa Kiarabu, tuliyemwita Ami.

"Mwalimu, leo nakuacha," Ami alikuwa akisema wakijipanga.

"Wiki iliyopita ulishika mkia, juzi ukashika mkia. Mie ningekurudisha darasa."

"Nirudishe, ila usinichape. Nina wajukuu mtaani."

Wiki ya tano mtu mmoja aliuliza kama kuna tofauti ya mahali pa kujidunga. Swali zuri, nikalieleza vizuri. Ukijidunga pajani kisha ukatembea, damu inapita kwa kasi kwenye paja linalofanya kazi, na dawa inaingia mwilini haraka kuliko kawaida. Kwa hiyo siku ya mazoezi jidungeni tumboni. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake, kisha akanyoosha mkono.

"Haraka kiasi gani, sista?"

Nikafurahi. Mwanafunzi mzuri huuliza swali la pili.

Toka hapo Mwalimu alikuwa anaongoza karibu kila siku. Kipimo chake cha mwanzo kilikuwa cha kawaida, hakuna cha kutilia shaka, na cha mwisho kilikuwa chini mno. Asubuhi za Julai zina kaubaridi hata Dar, lakini nilimwona na jasho juu ya mdomo kabla hatujamaliza mzunguko wa kwanza. Saini yake kwenye daftari la mahudhurio ikaanza kuteremka nje ya mstari. Ami akitania, yeye anacheka wenzake wameshamaliza kucheka. Niliyaona yote nikayapa sababu: umri, usingizi, kofia nzito. Anayejua kueleza hakosi maelezo.

Jumatano moja kipimo chake cha mwisho kilisoma nne nukta moja, juu kidogo tu ya mstari wa hatari. Nikamwambia akae robo saa nimpime tena.

"Siwezi. Nina msiba Bunju, tunapika."

"Umekula asubuhi?"

"Nimekunywa chai." Aliangalia pembeni. "Nisomee matokeo niende."

Nikasoma. Tukampigia makofi. Akaondoka akitembea wima, na mimi nikamgeukia aliyefuata.

Saa nane mchana binti yake akanipigia. Alikuwa amerudi nyumbani akamkuta mama yake sakafuni jikoni, macho wazi, hasikii. Majirani walimpaka sukari kwenye fizi wakamkimbiza hospitali. Alikuwa hai. Nikamwambia binti pole, nikamuuliza ni nani alifariki Bunju.

"Bunju? Sie hatuna mtu Bunju."

Ijumaa asubuhi nilimwacha mwenzangu na kikundi, nikaenda kumwona. Hospitali walikuwa wamemruhusu. Alikuwa sebuleni, khanga mabegani, anatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sista, nimefeli?"

Nikamwambia aliyefeli ni mimi. Akatikisa kichwa, akanieleza polepole. Alikuwa anajidunga pajani kwenye choo cha kituo, mara tu baada ya kipimo cha kwanza, tena anaongeza dozi, na tumbo tupu.

"Mwaka juzi dada yangu alikatwa mguu," alisema. "Nilimwosha mie mwenyewe. Kila mkinipigia makofi nilikuwa najiona miguu yangu inabaki."

Nikamshika mkono. Nikaanza kumweleza kwamba miguu hailindwi kwa namba ya siku moja, ila kwa sukari iliyotulia miezi na miaka, na kwamba bado ana nafasi kubwa. Alisikiliza. Kisha akasema, "Usimfokee Ami."

"Ami amefanya nini?"

"Nilimfundisha. Yeye na wale wamama wawili wanaokaa nyuma. Wiki iliyopita." Akatafuta neno. "Kushinda peke yangu kila siku niliona vibaya. Mie nimefundisha maisha yangu yote."

Saa ya ukutani ilikuwa saa moja kamili. Walikuwa uwanjani.

Simu iliita muda mrefu. Mwenzangu alipokea akihema, maana alikuwa akitembea nao.

"Wasimamishe," nikasema. "Wote. Wakae chini, wapewe soda kabla hujapima."

"Wamebakiza mzunguko mmoja. Ami leo yuko mbele, ungemwona."

"Msimamishe."

Nikamsikia akiita. Nikasikia watu wakiuliza kuna nini, mmoja akicheka, miguu ikiburuzika kwenye mchanga kisha ikitulia. Akaita tena, safari hii Ami peke yake. Akaita mara ya tatu kwa sauti ya juu zaidi, na nikasikia simu ikigonga kitu, kama mtu aliyeanza kukimbia nayo mkononi.

"Anasemaje?" Mwalimu akauliza. "Sista. Anasemaje?"