Pasi ya umeme ilivyomnasa Lupyana, Njombe kabla ya Uhuru

Kamwene wakuu,

Mimi ni bibi yenu wa hapa Lyamkena, Makambako. Naandika mwenyewe, polepole, na sitatia chumvi hata punje.

Kabla ya Uhuru, nikiwa binti, nilikuwa dobi kwenye nyumba ya mkulima mmoja Mwingereza, nje kidogo ya Njombe. Umeme ulitoka kwenye mtambo wa maji pale mtoni. Sisi tuliozoea pasi ya mkaa, ile ya umeme ilikuwa raha tupu.

Raha ilidumu wiki mbili hivi.

Pasi ikaanza kukata fyuzi. Ukiichomeka tu, paa! Memsahibu, mke wa yule mkulima, anafoka, na anayefokewa ni Lupyana, mtumishi wa ndani, mtu wa Lupembe, mpole kupita kiasi.

Siku moja akanijia anacheka.

"Dada Yusta, nimeipatia dawa."

Alikuwa amefungua plagi na kukata waya mmoja kati ya ile mitatu. Kweli, fyuzi haikukatika tena. Memsahibu akampongeza.

Mimi ndipo nikakosa amani.

Pasi ilianza kuuma. Sijui niseme vipi... kama siafu wanakupanda mkononi. Siku za mvua, sakafu ya sementi ina unyevu na mimi niko pekupeku, siafu wanafika mpaka kwenye kiwiko. Nikimwambia Lupyana, anasema nitazoea. Memsahibu anasema ni baridi tu. (Baridi ya Njombe mnaijua, lakini haiumi hivyo!)

Nikaomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda lori hadi Makambako kwa mjomba wangu, fundi wa umeme.

Mjomba aliweka kikombe chini. "Amekata waya upi?"

"Ule wa kwenye pini kubwa."

"Huo ni wa ethi, mama. Umeme unaingia kwa waya mmoja, unarudi kwa mwingine. Huo wa tatu unangoja ajali. Ndani ya pasi kuna waya umechubuka, unagusa chuma. Ethi ilikuwa inaupeleka umeme ardhini, unapita mwingi kwa mpigo, fyuzi inaungua, umeme unakatika. Fyuzi haikuwa mbovu, ilikuwa inawaokoa. Sasa njia ya kwenda ardhini ni wewe."

Akaongeza: "Mtu akinaswa, usimguse. Zima swichi kuu kwanza."

Siku ya pili sikuikaa. Lori la kurudi lilisimama kila penye magunia, na mimi nawaza tu. Nani anapiga pasi leo?

Wakuu, niliingia nikamkuta Lupyana amesimama wima, pasi mkononi, meno yamekazana. Hawezi kuiachia. Memsahibu anakimbia kumvuta shati.

"Usimguse!"

Mimi, dobi, nikampigia kelele mzungu. Akaganda. Nikakimbilia kibarazani, nikashusha swichi kuu.

Lupyana akaanguka kama gunia. Kiganja kimeungua, lakini anapumua.

Alipopata nguvu ya kukaa, memsahibu akauliza nani alikata ule waya. Nilijua, lakini kusema ni kumfukuzisha kazi.

Lupyana akajibu mwenyewe. "Ni mimi, memsahibu. Nilichoka kufokewa."

Yule mama akaangalia kile kiganja kilichoungua. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Na mimi kusema wewe fundi mzuri."

Hakumfukuza. Mjomba akaitwa, akabadilisha waya wa pasi na kurudisha ethi. Lupyana aliishi mpaka akazeeka, ila vidole viwili havikunyooka tena.

Nilichojifunza: fyuzi ikikatika kila mara, usiitafutie ujanja. Tafuta kinachoikata. Na kifaa cha chuma kikikuuma hata kidogo, zima, chomoa, ita fundi anayejua kazi.

Sasa niambieni kwenu kukoje. Nani hapa ana friji au pasi "inayouma kidogo tu" na bado anaitumia? Comment usione aibu, ila kwanza nenda kaichomoe.