Moshi Uliopelekwa Kusiko na Watu

Kisa hiki alinisimulia dada yangu, Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani. Wakazi wa Lipangalala waliitwa mkutanoni na mwenyekiti wao kuhusu moshi wa pumba zinazochomwa kwenye mashine za mpunga. Mtaalamu alikuja na kompyuta, na kwa mara ya kwanza waliuona moshi wao ukitembea kwenye kioo.

Alibonyeza, doa jekundu likafunika nyumba zao. Watu wakaguna.

“Sasa tuhamishie uchomaji upande wa mtoni,” alisema, akabonyeza tena. Doa likahamia bondeni. “Mnaona? Huko nimeweka sifuri. Hakuna watu.”

Ukumbi ukapiga makofi. Dada naye alikuwa akipiga alipotambua mahali doa lilipotua.

“Samahani, mwenyekiti. Huko si ndiko kwenye mashamba yetu?”

“Ndiyo, mama,” mwenyekiti alijibu. “Ni mashamba, si makazi.”

“Na mama yangu mwenye pumu, aliyehamia dunguni, kwenye kibanda cha kulindia mpunga, kufukuza ndege, si mtu? Mkeo mwenyewe yuko wapi?”

Mwenyekiti aligeukia lile doa kwenye kioo. “Yuko shamba,” alisema polepole.

Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya ile sifuri.

Siilaumu kompyuta, ilihesabu ilichopewa. Ninachoshindwa kumeza ni yale makofi.

Uamuzi umeahirishwa. Mama yetu yu hai, na mke wa mwenyekiti yu hai. Wote wawili wangali bondeni, wanafukuza ndege.