Ukurasa wa Nyuma wa Kitabu cha Ubatizo

Kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi, nilikuwa nashusha barakoa yangu hadi kidevuni ili nimsomee mwanamke mzee majina ya watu waliokufa zamani. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa langu, na yote niliyoyaogopa mwaka ule yalitokana nalo.

Kazi yangu ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani mwao. Kenya nilisomea uuguzi, lakini Sydney vyeti vyangu vilikuwa bado vinasubiri kutambuliwa, kwa hiyo nilikuwa naogesha watu, nawapa dawa na kuwavisha soksi zile ngumu za kubana miguu. Siku hizo mbili za wiki nilikuwa na mwanamke wa miaka themanini na tisa, aliyeishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali, mwendo wa dakika kumi kutoka stesheni ya Westmead. Alitaka nimwite kwa jina lake, kama desturi ya huku. Nilijaribu mara moja, ulimi ukagoma. Kwetu Taita mtu wa umri ule humwiti jina hivi hivi kana kwamba mlichunga mbuzi pamoja. Nikamwita Nyanya. Nilipomweleza maana yake alicheka, akasema amepata mjukuu anayejua kukunja taulo. Mwanawe wa pekee alikuwa Perth, na mipaka ya majimbo ilikuwa imefungwa. Tulizungumza Kiingereza, ila maneno yake yamenikaa kichwani kwa Kiswahili, nami nitayaandika hivyo.

Nyanya alikuwa anamtafuta mtoto mmoja. Kabla ya ugonjwa kuingia alikuwa ameufuatilia ukoo wa mama yake hadi Uingereza, katika kijiji chenye kinu na kanisa la mawe, akitumia vitabu vya parokia ambavyo vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni. Alikuwa amepata ndoa ya bibi mmoja wa zamani sana katika ukoo huo, akapata na maziko yake. Ubatizo wake hakuupata. Mama yake alimwambia tangu utotoni kwamba bibi huyo alikuwa mtoto wa kuokotwa, asiye na kwao, na neno hilo lilikuwa limemkaa rohoni miaka yote hiyo.

"Mtoto aliyebatizwa kuna mtu aliyembeba," aliniambia. "Nataka kujua kama kulikuwa na mtu."

Macho yake yalikuwa yameshindwa na mwandiko wa vitabu vile, kwa hiyo nikishamwogesha nilikaa mbele ya kompyuta yake nikamsomea. Masikio nayo yalikuwa mazito, na barakoa ilikuwa inameza kila jina. Ndiyo maana nikawa naishusha. Dakika ishirini tu, nilijiambia, na dirisha liko wazi.

Ilikuwa majira ya baridi, na sisi wa magharibi mwa jiji tulikuwa tumefungiwa kuliko wenzetu. Wale wa pwani tuliwaona kwenye televisheni wakiota jua mchangani, huku helikopta ya polisi ikizunguka juu ya Blacktown kwetu kutwa nzima kana kwamba tumeiba kitu. Nilikasirika sana mwaka ule. Nilikasirikia helikopta, nikamkasirikia jirani aliyekuwa akikohoa uani bila kuficha mdomo, nikawakasirikia waliokuwa wakitutumia video za kutufundisha kujifukiza. Nilikuwa natembea na kibali cha kazi kwenye simu, nakaa kwenye behewa peke yangu hadi Westmead, na kila siku ya tatu najipanga kwenye foleni ya magari nikachokonolewe pua.

Sikuogopa kufa. Huo ni uongo, niliogopa kidogo. Lakini lililonitisha kila nilipofunga lango la Nyanya nyuma yangu lilikuwa jambo moja, kwamba mimi ndiye nitakayemuua. Kila mtu wa kazi yetu alikuwa amesikia habari za mhudumu aliyeingia kazini na mafua yaliyoonekana madogo, na wazee waliozikwa baadaye. Mhudumu huyo nilimfikiria usiku na mchana. Nilikuwa namfikiria, kisha nafika kwa Nyanya na kushusha barakoa.

Vitabu vyenyewe vilikuwa taabu. Kasisi aliandika kwa mkono uliolala, wino umefifia ukawa rangi ya chai, na kijiji kizima kilikuwa na majina matano ya wanawake. Nilikuwa nasoma jina, jina la baba, kazi ya baba, kisha jina lingine. Nyanya alikaa kule dirishani na blanketi magotini, akisema "siye" au "endelea." Nyumba yake ilikuwa ikinuka siki siku zote. Nilidhani ni mambo ya wazee na usafi wao. Tena alikuwa anachelewa kufungua mlango. Nilikuwa nagonga, nasikia hatua zake zikija, kisha kimya kirefu, ndipo mnyororo unatolewa. Nikasema ni miguu.

Tulipitia miaka yote ambayo mtoto yule angeweza kuzaliwa. Hakuwepo.

"Basi aliokotwa kweli," Nyanya alisema Alhamisi moja, akageukia dirisha. Nilimfunga viatu, nikaondoka nikiwa nimevunjika moyo kwa ajili yake.

Nilikuwa nimefika nyumbani, hata koti sijavua, mume wangu aliponipigia simu kutoka kazini. Alikuwa anafanya kazi kwenye ghala moja Ingleburn.

"Mama, usishtuke," alisema, nami nikashtuka papo hapo. "Kuna jamaa wa shift yetu ako positive. Wametuambia sisi wote tuende test, halafu tukae ndani."

"Mlikaa karibu?"

"Tulikula lunch meza moja. Jumanne."

Nikahesabu. Jumanne amekula na mgonjwa, usiku huo amelala kando yangu, na asubuhi hii nimemsomea Nyanya nikiwa na mdomo wazi. Jioni hiyo tulikuwa tumeshapimwa sote watatu, mume wangu amejifungia chumba cha mtoto na mimi chumba chetu. Binti yetu wa miaka kumi, aliyepewa sebule yote, alikuja kusimama nyuma ya mlango wangu.

"Mum, are you gonna die?"

"Nani amekwambia hivyo?"

"I'm just asking."

Msimamizi wangu alisema nisimpigie mteja hadi majibu yatoke, nisije nikamtia hofu bure. Nilimtii. Nilikuwa nimepata kisingizio cha kunyamaza, na nilikipenda.

Ijumaa asubuhi sikuweza kula wala kuomba. Nikachukua kompyuta kitandani, nikakifungua kitabu cha kijiji kile kwa sababu nilihitaji kushika kitu. Hapo ndipo nilipomkumbuka babu yangu. Alikuwa mwalimu wa kanisa huko milimani, na padre alikuwa akija mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Kurasa za mbele za kitabu cha ubatizo zilikuwa za padre. Babu hakuthubutu kuzigusa. Mtoto mchanga akizidiwa kabla padre hajaja, alibatizwa palepale nyumbani na yeyote aliyekuwepo, kwa maji ya kikombe, naye babu alimwandika kwa penseli kuanzia ukurasa wa mwisho, akirudi nyuma. Mimi nilikuwa namshikia taa. Wiki zote hizo nilimsomea Nyanya kitabu kutoka mbele kama kasisi, wala sikuwahi kufikiria kukigeuza.

Nikaenda kwenye picha ya mwisho kabisa. Ilikuwa jalada. Ya pili kutoka mwisho ilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa imepigwa kichwa chini, nami nikaigeuza.

Palikuwa na watoto tisa. Kila mmoja alikuwa ameandikiwa kwamba amebatizwa nyumbani na mjane mkunga, kwa kuwa hali ilikuwa ya hatari. Wa saba alikuwa yule mtoto aliyetafutwa na Nyanya. Jina ni lile, jina la baba ni lile lililo kwenye ndoa, kazi ya baba ni kibarua shambani. Nilipiga kelele hata mume wangu akagonga ukuta.

Kisha nikaona misalaba. Haikuwa kando ya watoto. Ilikuwa kando ya mama zao, msalaba mmoja kwa kila mama, na siku ya kuzikwa chini yake. Mmoja alizikwa siku ya tano baada ya kujifungua, mwingine siku ya sita, mama wa mtoto wetu siku ya nne. Mke wa mwenye kinu, mke wa mhunzi, mke wa kibarua, nyumba baada ya nyumba katika msimu mmoja. Hili tulifundishwa chuoni, mwalimu akigonga meza. Ile ni homa ya uzazi. Huletwa na mikono ya anayezalisha, akitoka kwa mzazi mgonjwa na kwenda kwa mzima. Mkunga yule hakujua. Alikuwa anatoka nyumba hii akiingia ile, akiamini anasaidia, na orodha niliyokuwa naitazama ilikuwa ni roster yake, ratiba ya nyumba za kuzungukia. Mimi pia nilikuwa na roster. Nilikuwa na nyumba tatu kwa asubuhi.

Nililia, kisha nikampigia Nyanya bila kujali msimamizi. Simu yake ya mezani ilikuwa na kipaza sauti, akanisikia vizuri kuliko siku zote.

"Nimempata," nikasema.

"Nani alimbeba?"

"Mkunga. Alimbatiza nyumbani, siku aliyozaliwa. Mama yake alikufa siku ya nne. Baba yake alikuwepo, ameandikwa."

"Kwa hiyo hakuokotwa."

"Hakuokotwa, Nyanya."

Nilimsikia akipenga kamasi. Ningeweza kuishia hapo, angelala na furaha yake. Lakini nilikuwa na jambo langu, nikalitoa lote. Nilimwambia kuhusu misalaba. Nilimwambia kwamba mikono iliyombatiza mtoto ndiyo iliyomuua mama. Kisha nikamwambia kuhusu ghala la Ingleburn, na meza ya chakula, na kwamba jana nilikaa sebuleni kwake barakoa ikiwa kidevuni, na majibu bado.

Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya sahani.

"Ulisema mama yule ni wa saba?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Na kijiji kilikuwa kidogo."

"Kidogo sana."

"Basi mama yule alijua," Nyanya alisema. "Huenda hakujua ni mikono. Lakini alijua kwamba sita wameshakufa, na ni nani aliyewazalisha. Na bado alimwita."

Nikairudia ile picha ya misalaba kwenye kompyuta.

"Mimi nakuogopa tangu baridi ianze," aliendelea, kwa sauti ileile aliyoitumia kuagiza chai. "Ukiondoka nakipangusa kiti chako kwa siki. Napangusa kompyuta, na kitasa. Ukigonga huwa nasimama nyuma ya mlango nikijiuliza leo nikufungulie au nijifanye nimelala."

Iliniuma. Sitaficha. Nilidhani pale kwake ndipo mahali pekee katika jiji lile ninapoingia bila kuogopwa.

"Mbona hukuniambia nipandishe barakoa?"

"Nisingesikia majina."

"Na mlango, mbona ulikuwa unanifungulia?"

"Wewe unadhani ningejiogesha mwenyewe?" Akakohoa kidogo, nami moyo ukanilipuka. "Ni chai," alisema. "Imenipalia. Usianze."

Majibu yalikuja kwenye simu Jumamosi mchana. Hatukuwa na ugonjwa, mimi, mume wangu wala mtoto. Hata hivyo mume wangu alizuiliwa ndani siku zake zote, nami nikazuiliwa naye, na majibu yale hayakunituliza kama nilivyotarajia. Kila asubuhi nilimpigia Nyanya. Alipokea simu na kusema, "Sijakohoa," kabla hata sijamwamkia. Kampuni ilitaka kumpelekea mtu mwingine, akakataa, akajisafisha kwa kitambaa sinkini wiki mbili kwa ukaidi wake. Niliogopa ataanguka. Niliogopa kila kitu.

Wiki hizo mbili zilipokwisha nilirudi, siku ya Jumatatu. Nilikuwa nimenunua waya mrefu ili simu yake ya mezani ifike dirishani, na kuanzia siku hiyo nimsomee kwa simu yangu kutoka jikoni, mlango umefungwa, yeye akinisikiliza kwa kile kipaza sauti chake. Nilifungua lango, nikapandisha barakoa hadi chini ya macho, nikaibana puani, nikagonga.

Nikasikia hatua zake zikija polepole ukumbini. Zikafika, zikasimama. Tulikuwa tumetenganishwa na ubao mmoja tu, nami nilisikia anavyohema. Sikugonga tena wala sikuita. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikakaa pale barazani kwenye baridi, nikimwacha aamue.

Mnyororo ukatolewa.