Kitambaa Chekundu Kwenye Ngitili ya Bibi

Kama hujawahi kupiga magoti kando ya barabara ya Tinde asubuhi, simu mkononi, ukimpiga picha buibui, basi hujui namna ya kupata marafiki wa ghafla. Mimi nilifanya hivyo juzi. Mvua zimekatika, umande bado upo, na buibui mmoja alikuwa ametandaza wavu wake kwenye mkonge, unameremeta kama shela ya bibi harusi. Picha ya pili sijamaliza, pikipiki imesimama. Mara pikipiki nyingine ikasimama. Mara baba mmoja na baiskeli yake ya mkaa.

"Dada, umeona nini hapo?"

"Buibui."

Wakatazamana. "Buibui tu?"

Yule wa mkaa akachutama, akachokonoa udongo kwa kidole, akaunusa. Niliwaacha pale watatu, na naapa kufikia mchana walikuwa mia tatu na mama lishe wao.

Nilicheka njia nzima, peke yangu, watu wakidhani nimepungukiwa. Mikoa yetu hii ya dhahabu ndivyo ilivyo: ukiinama kufunga kamba ya kiatu, kuna mtu nyuma yako anakwenda kuchukua sururu. Nikamkumbuka mjomba wangu, na mwanzo wa kiangazi mmoja ambao nusura umalize nyasi zote za bibi.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, upande wa Bugarama. Kipindi hiki cha mwaka, nyasi zinapoanza kugeuka rangi na asubuhi ina kibaridi cha kukufanya umpende hata mbwa wa jirani, kazi yetu ilikuwa moja: michembe. Viazi vitamu vinachimbwa, vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juu ya mawe mpaka vikauke kau kau, viliwe wakati wa njaa. Nilimenya viazi mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, na usingizini mikono iliendelea kumenya shuka. Mpaka leo nikisikia harufu ya kiazi kibichi juani, mate na miayo vinakuja pamoja.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ngitili ya bibi. Kwa asiyejua, ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenyewe hulifunga mvua zikianza. Haingii ng'ombe, haingii mkata kuni, ili nyasi zibaki zimesimama kwa ajili ya ndama na ng'ombe wanyonge kiangazi kikishakaza. Ya bibi ilifungwa kwa matawi machache ya miiba, ambayo mbuzi mwenye adabu za wastani angeyaruka akiwa amelala. Bibi alikuwa mjane, ng'ombe wake wachache ndio walikuwa benki yake na shamba lake na heshima yake, na mwaka ule mvua zilikatika mapema. Nje ya ngitili, nyasi zilikuwa zimeanza kufanana na upara. "Anayefungua ngitili kabla ya wakati," alikuwa akisema, "anachinja ndama ambaye hajazaliwa."

Mtu mmoja tu aliruhusiwa kuingia: mjomba, mwanawe wa mwisho, fundi cherehani wa Kahama. Kila mwanzo wa kiangazi alifunga cherehani akaja na kamera yake ya mkanda, nzito kama tofali. Nyakati zile mwenye kamera alikuwa mtu mkubwa kuliko diwani. Kijiji kizima kilijipaka mafuta na kuvaa nguo za kanisani. Mjomba akawapita wote, akaenda kulala kifudifudi kumpiga picha panzi.

"Tupige na sisi basi!" jirani akalalamika, akiwa amevaa tai iliyombana mpaka macho yamemtoka.

"Wewe kesho utakuwepo," mjomba akamjibu. "Panzi huyu hatakuwepo."

Jirani alinuna mpaka Krismasi.

Siku ya mkasa, bibi aliniruhusu niingie naye, nimbebee mkoba wake. Ndani ya ngitili, chini ya nyasi ndefu kuliko mimi, alimkuta mdudu mweusi, yule anayeviringisha mavi ya ng'ombe kwa miguu ya nyuma. Mdudu alikuwa na rangi mgongoni, kijani na zambarau, kama mafuta ya taa yakimwagika majini. Mjomba akalala chini. Akapiga, akasogea, akapiga, akashusha pumzi kama mtu anayesali. Jua lilipomsaliti, akachomeka mti pale pale penye shimo la mdudu, akaufunga kitambaa chekundu kutoka kwenye mabaki yake ya kushonea, ili alfajiri apaone tena.

Sasa, msomaji wangu, kwa watu wa kawaida kitambaa kwenye mti ni kitambaa kwenye mti. Kwa wachimbaji, mti wenye kitambaa ni mtu amepata mali na ameweka alama ya duara lake, shimo lake la dhahabu. Na njiani alikuwa akipita mchimbaji.

Asubuhi nilitoka kwenda kunawa uso nikadhani Tanzania nzima imehamia kwetu. Wametoka kambi zote, wengine nasikia wametembea usiku kucha kutoka Nyarugusu. Sururu, sepetu, makarai, na mama lishe mmoja tayari ameinjika uji. Mbele yao kiongozi wao, mzee mfupi mwenye vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," bibi akajibu. "Na hizo sururu, nazo zimekuja kusalimia?"

Mjomba akajieleza mpaka jasho likamtoka: alikuwa anapiga picha ya mdudu. Wakacheka wakashikana mabega.

"Fundi," kiongozi akasema, "nimewasikia watu wakificha mali kwa kila uongo. Wapo waliosema wameona jini. Lakini mtu mzima alale chini nusu ya mchana kwa ajili ya mla mavi? Hapana. Hiyo ni dharau."

Nikajitosa: "Ni kweli, nilikuwepo!"

"Mtoto wa nyumba moja na mwizi hatoi ushahidi," mama lishe akasema, akanipa kikombe cha uji.

Bibi akachukua kigoda chake, akakiweka penye mwanya wa miiba, akakaa. Akaanza kumenya kiazi.

"Nimefunga," alisema. "Mkiingia na miguu yenu, nyasi zimekwisha leo, na ng'ombe wangu wamekwisha kabla ya mvua. Mnataka kujua kilichomo? Kimo ndani ya kamera. Mwanangu aende Kahama akasafishe picha. Kukiwa na mdudu, mtaondoka. Kusipokuwa na mdudu, mtachimba, nami nitawapikia."

Wakanong'onezana, wakakubali. Mjomba akapanda baiskeli akiwa amekuwa wa kijivu usoni. Mimi tu na yeye ndio tuliojua siri ya kutisha: mjomba alikuwa mpiga picha mbaya kuliko wote waliowahi kuumbwa. Mkanda mzima ukimtolea picha mbili, hizo nyingine zimeungua, nyeusi tii, alikuwa anafanya sherehe.

Wakakaa kusubiri. Kule kusafisha picha hakukuwa jambo la kubonyeza. Ulipeleka mkanda studio, ukaambiwa njoo kesho, kesho ukaambiwa umeme hakuna. Wanaume wale wakalala nje ya vile vijitawi vya miiba, na hakuna aliyeingiza hata kidole cha mguu. Bibi hakupenda kuona mikono imekaa bure. Akawagawia visu. "Mikono isiyo na kazi huchimba," akasema. Basi wachimbaji wakamenya viazi! Wenye vifua kama milango ya godauni, wakikata michembe na kubishana kipande cha nani ni chembamba zaidi. Mawe yote yalikuwa meupe kwa michembe, mpaka ukiwa mbali ungedhani kumeanguka theluji. Jioni tulikula matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, na maziwa mgando, wakasimulia maduara yaliyotema dhahabu na mengi zaidi yasiyotema. Mimi nilikula nikiyahesabu yale masururu yaliyoegemezwa ukutani kwa bibi.

Mjomba akarudi na bahasha. Kiongozi akafuta mikono, akaanza kutoa picha moja moja. Nyeusi. Nyeusi. Nyeupe. Kidole gumba cha mjomba. Nyeusi. Kidole gumba tena, karibu zaidi. Minong'ono ikaanza, mtu mmoja akanyanyua sururu yake. Bibi aliendelea kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshakwisha kumenywa, akabaki na kitu kama kidole cha chaki.

Kisha kiongozi akaacha kutoa. Ameshika picha, anaigeuza juani. Mdudu alikuwamo, mzima, rangi zake zote mgongoni, amepiga mguu wake kwenye mpira wa mavi kama anataka kufunga goli.

"Mama," akasema polepole, "naomba kuingia. Peke yangu."

"Vua viatu. Acha sururu."

Akaenda pekupeku mpaka kwenye kitambaa chekundu, akapiga magoti, kisha akalala kifudifudi. Akakaa huko. Akakaa. Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja. Mimi nikaukamata mkono wa bibi. Mtu halali chini muda wote ule bure.

Mwisho akarudi, nyasi zimemshika kwenye ndevu, uso umelainika kama mtu aliyetoka kumwamkia mama yake.

"Kuna mdudu," akasema.

Kicheko kilicholipuka pale kilisikika, kwa hesabu zangu, mpaka Ushirombo. Watu wazima wamelala nje na baridi kwa ajili ya mavi ya ng'ombe! Wakakusanya vyombo vyao. Kiongozi akampa mjomba ule mti. "Fundi, usiusimike tena kwenye mkoa huu." Bibi akawafungashia michembe, wakashukuru kwa Kisukuma, wabeja, wabeja sana, wakaenda zao. Kiangazi kile kilikuwa kikali, na ng'ombe wa bibi walivuka.

Nilipokuja kusoma sekondari ukubwani, madarasa ya jioni, mwalimu wa biolojia alimchora yule mdudu ubaoni nikacheka mpaka nikatolewa nje. Bibi hayupo tena, mjomba naye hayupo. Studio siku hizi inauza vifuniko vya simu, na picha inaonekana kabla hujashusha mkono. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni neno lile la bibi. Wanaume wenye vyuma, wenye njaa, wanaoamini kuna dhahabu mbele ya pua zao, wakazuiwa na vijiti na neno "nimefunga". Leo naona watu wana kuta na mageti na karatasi zenye mihuri, na bado wanaingiliwa.

Ngitili ile sasa ni ya mama mdogo, mdogo wake mama. Kwa miaka kadhaa ililiwa hovyo, hakuna aliyejali, nikasema basi, imekwisha. Wiki iliyopita nimekwenda kumsalimia, nikakuta nyasi zimefika kifuani, na ndani yake ndege wanapigiana kelele kama wako mnadani. Nikatoa simu mbio mbio. Nikamwomba niingie kidogo tu, hatua mbili, kuna maua madogo ya bluu nimeyaona.

Alikuwa anamenya viazi, hata kichwa hakuinua.

"Nimefunga," akasema.

Sijawahi kukataliwa nikafurahi namna ile. Nilipiga picha nikiwa nje, na maua hayaonekani kabisa.