Kikasha Toezi

Mwalimu Projestus wa Kimara alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na hata kompyuta yake aliilazimisha iseme Kiswahili. Kwa hiyo alipoona barua pepe alizomwandikia bintiye zimejipanga chini ya maneno "Kikasha toezi", alizisoma kwa ualimu wake: toezi, basi zimekwisha kutoka. Akatulia.

Bintiye, Kokushubila, yuko Tanga. Alimpigia kumwambia anataka kuolewa na Suleiman, Mwislamu, wakarushiana maneno mpaka binti akakata simu. Kisha akaandika: "Baba, kwenye simu tunagombana tu. Niandikie. Kama umekataa, nyamaza, nitaelewa."

Mzee alifoka peke yake, akasali, akasusa hata chakula, mwisho mapenzi yakamshinda. Akajibu: "Mlete nyumbani, mwanangu. Nitakusindikiza mwenyewe." Kimya. Akaandika tena, kimya. Ndipo naye akanuna. Mtoto gani huyu, anabembelezwa na bado anajifanya hasikii!

Barua za watu wengine zilimfikia kama kawaida, hivyo hakushuku kitu. Aliyegundua ni Asifiwe, fundi wa kompyuta wa mtaani, siku alipokuja kumfungia printa.

"Mwalimu, mbona hizi hazijaenda hata moja?"

"Zimetoka hizo. Soma hapo."

"Hapo ni zinazosubiri kutoka, mwalimu wangu. Zimekwama tangu ulipobadilisha kampuni ya intaneti. Kupokea kuna poti yake, yaani mlango wa kupitia, kutuma kuna yake, na hawa wapya wameifunga ile ya kutuma ya siku zote, ishirini na tano. Ila seva yako ya barua inakubali na nyingine. Ngoja."

Akafuta namba ile, akaandika 2525, akahifadhi. Barua zikaondoka zote, kikasha kikabaki kitupu. Mwalimu alikitazama.

Jibu liliingia Asifiwe akiwa bado anakusanya nyaya zake.

"Baba, ndiyo kwanza nazipata. Tulishafunga ndoa mwezi uliopita. Sheikh aliniuliza baba yangu yuko wapi. Nikamwambia amenikana."

Mzee alivua miwani, akalia mbele ya fundi bila kujificha. Alilia kwa kwikwi, na Asifiwe hakujua amshike bega au atoke nje.

Baadaye aliivuta kompyuta karibu. Aliandika neno moja tu, "Sikukukana", akabonyeza kutuma.

Hilo lilienda papo hapo.